Ilinichukua misimu minne kukubali kukata mche wa maharage

Tuta langu la kwanza lilikuwa na upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, na mbegu nilikuwa nazo tele. Kosa lilianzia hapo. Mwenye mbegu chache hupima, mwenye nyingi humwaga. Pakiti ilielekeza sentimita 10 kati ya mche na mche, na sentimita 45 hadi 50 kati ya mstari na mstari, nami nikaona hiyo ni hesabu ya watu wenye mashamba. Kwa kipande changu kile kidogo nilitaka kila kiganja cha udongo kifanye kazi. Nikadondosha mbegu kila baada ya vidole viwili, na mistari nikaibananisha hata nilipomaliza sikuwa na pa kukanyaga.

Zikaota zote. Nasema zote kwa sababu nilikuwa nazikagua asubuhi na jioni. Siku ya sita udongo ulianza kupasuka nyufa ndogondogo, na ndani ya kila ufa kulikuwa na kishingo cheupe kilichopinda, kama mtu anayenyanyua mzigo kwa mgongo kabla ya kuinua kichwa. Maharage huota hivyo. Hutanguliza bega, kisha huzivuta juu zile nusu mbili nene za mbegu, na ndipo shingo inaponyooka na kufungua majani mawili ya kwanza yenye umbo la moyo. Majani yale ya vipande vitatu ambayo wengi tunayajua hufuata baadaye.

Kufikia wiki ya nne tuta lilikuwa zulia. Kila aliyepita alisifu, nami nilisimama kando yake nikipokea sifa. Kitu kimoja nilikiona na sikukitilia maanani: mashina ya pembeni yalikuwa mafupi, manene, yenye matawi, na ya katikati yalikuwa marefu na membamba, yote yakikimbilia juu, huku majani yake ya chini yakiwa yamegeuka njano. Mbegu zilikuwa za pakiti moja, na zilipandwa siku moja.

Maua yalitoka. Yale ya ndani mengi yalidondoka bila kushika. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo na katikati ya tuta pakalala chini, shina juu ya shina.

Mama alinitembelea wiki hiyo. Tulifika bustanini saa sita mchana, jua kali. Kuhusu zulia langu hakusema neno. Alichuchumaa, akanitazama, akasema, "Ingiza mkono humo ndani."

Nikaingiza hadi kiwiko.

"Unasikia nini?"

"Majimaji, mama."

Juu majani yalikuwa makavu na yenye vuguvugu. Chini, kwenye saa hiyo ya mchana, umande wa alfajiri ulikuwa haujaondoka. Palikuwa na ubaridi na harufu ya uyoga. Nilipoutoa mkono, ganda moja lilifuata, limefunikwa na ukungu mweupe kama pamba. Nililibonyeza likapasuka na kutoa maji. Mama akalichukua, akalifungua kwa kucha, akanionesha kipunje cheusi, kigumu, mfano wa kinyesi cha panya. "Hapa hulimi maharage tena, mwanangu. Unalima ukungu."

Vile vipunje vyeusi ndivyo vinavyoufanya ugonjwa huo kuwa mgeni asiyeaga, kwani hukaa udongoni miaka kadhaa vikisubiri unyevu mwingine. Mashina yote yaliyokuwa na pamba ile niliyang'oa na kuyatoa nje ya bustani, sikuyatupa kwenye mboji, na tuta lile nikaja kulipanda mahindi, ambayo ukungu huo hauyapati.

Tangu siku ile kipimo changu cha kwanza cha nafasi ni mkono. Kama hakuna mvua na umwagiliaji umepita chini, naingiza mkono katikati ya mashina mida ya saa nne asubuhi. Ukitoka mkavu, nafasi inatosha. Ukitoka na maji, hewa haipiti, na hapo nasubiri tu ni ugonjwa gani utatangulia: kutu yenye vumbi la kahawia linalobaki kidoleni, au madoa ya majani, au ile pamba. Zote hizo zinapenda jani linalochelewa kukauka. Neno jingine la kukumbuka: usishikeshike maharage yakiwa na maji. Bakteria wa madoa huhama shina hadi shina kwa maji, na mikono yetu huwasafirisha haraka kuliko mvua.

Msimu uliofuata nilipanda bado kwa wingi, safari hii nikiwa na nia ya kupunguzia miche. Nia ilikuwepo ila moyo haukuwepo. Kila jioni nilikwenda nikasimama pale, nikashika mche, nikauachia. Ulikuwa mzima, mbichi, haujanikosea kitu. Nikaahirisha wiki, nikaahirisha nyingine. Nilipojikaza hatimaye, miche ilikuwa na majani matatu ya vipande vitatu, na nikafanya kama nifanyavyo kwa magugu: nikashika shina chini, nikavuta.

Ulitoka mmoja niliotaka na mwingine nisioutaka. Mizizi ilikuwa imeshikana kama nyuzi za kamba. Nikafukia ule wa pili, nikaumwagilia, nikaendelea na mwingine, yakawa yale yale. Hata pale palipotoka mmoja tu, jirani yake alibaki ametikiswa, udongo umeachana na mizizi. Kesho yake mchana nusu ya ile niliyoikusudia ibaki ilikuwa imeinamisha majani. Mingi ilisimama tena baada ya siku tatu, ila ilidumaa, na maua yake yalichelewa.

Jambo zuri nililolipata kutoka kwenye ule uharibifu ni kwamba niliiona mizizi. Baadhi ya miche ilikuwa na vinundu vidogo kama mbegu za mtama. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa cha waridi. Rangi hiyo ndiyo alama kwamba bakteria walioko ndani wanafanya kazi ya kuupatia mmea naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijivu ndani, kazi haijaanza au imekwisha. Ndiyo maana sikuona haja ya kumwaga mbolea ya naitrojeni kwa wingi kwenye maharage ya bustani, maana ukiimwaga unapata majani mapana, na msongamano unaurudisha kwa mlango wa nyuma hata kama umepima nafasi vizuri.

Nilipomsimulia mama kuhusu kung'oa alicheka. "Mkasi huna nyumbani?"

Basi nikachukua mkasi. Kukata mche usawa wa udongo hakumgusi jirani hata kidogo. Mzizi unabaki na kuozea hukohuko. (Utasikia kwamba mzizi huo unaacha naitrojeni ya bure. Katika umri ule vinundu bado ni vichanga, usihesabu faida hiyo.) Ila na mkasi nao nilikosea kwanza. Kwa kuogopa kugusa udongo nilikata juu kidogo, juu ya zile nusu mbili za mbegu zilizokuwa bado zimeshikilia shina. Baada ya wiki nikaona vichipukizi viwili viwili vinatokea pale pale nilipokata. Kwenye kikwapa cha kila nusu ya mbegu kuna jicho, na ukiondoa kichwa jicho hilo huamka. Nilikuwa nimejiongezea miche badala ya kupunguza. Kata chini yake. Hapo hapana jicho la kuchipua.

Halafu kuna suala la lini, na hili lilinigharimu msimu mzima wa tatu. Baada ya kuchelewa nikaamua kuwahi. Miche ilipofungua tu yale majani mawili ya moyo, nikapita na mkasi nikaacha mmoja kila sentimita 10, tuta likapendeza kama limechorwa kwa rula. Asubuhi ya pili yake nikakuta miche minne imelala, imekatwa chini kwa meno. Nilipofukua kwa kidole kando ya shina la kwanza nikamkuta sota, yule kiwavi anayekata miche, amejikunja kama pete, mnene, rangi ya udongo wenyewe. Usiku uliofuata ilikwenda mitano. Msongamano wa awali ungemvumilia sota, mimi nilikuwa nimeshamaliza akiba yote.

Nikajaribu kuziba mapengo kwa kuhamisha miche kutoka tuta jingine. Maharage hayapendi kuhamishwa. Niliyoinua na bonge la udongo ilishika, lakini ilibaki nyuma hadi mwisho, na ile niliyoichomoa mizizi mitupu ilikauka. Kupanda mbegu mpya kwenye pengo kunafaa kama utafanya ndani ya siku chache tu baada ya wenzake kuota. Ukichelewa, mche mpya unakulia kivulini.

Sasa hivi napunguzia jani la kwanza la vipande vitatu linapofunguka sawasawa, ambalo kwangu huwa ni kama wiki mbili tangu kuota, na namaliza kabla ya jani la pili kukomaa. Shina likifikia hapo limeanza kukakamaa na sota halikati kirahisi kama mwanzo. Na kabla ya kukata nakagua chini ya mashina. Shina lililovimba na kupasuka karibu na udongo, na majani yanaanza njano, mara nyingi lina funza wa inzi wa maharage ndani. Hilo ndilo la kuondoka kwanza, na hilo nalitoa zima na kulichoma, haliachwi pale.

Yupi abaki? Mwanzoni niliacha mirefu, nikidhani urefu ni nguvu. Kumbe mirefu ndiyo iliyokuwa na njaa ya mwanga. Nikaanza kuangalia shina chini ya majani: fupi, nene, limesimama wima. Naangalia kama majani mawili ya kwanza ni mazima na kama nusu zote mbili za mbegu zilitoka salama, kwa sababu humo ndimo kulimokuwa na chakula cha siku za kwanza. Kuna miche huota bila kichwa, kishina tu na zile nusu za mbegu juu yake. Kichwa kilivunjika njiani, mara nyingi udongo ukiwa umeganda juu kama sahani au mbegu ikiwa ilipondwa tangu ilipopukuchuliwa. Hiyo haina mjadala.

Lakini kazi ngumu haiko hapo. Kazi ngumu ni pale wanaposimama wawili wazuri, wamepishana kidole kimoja, na mbele yao kuna pengo la shibiri, halafu baada ya pengo kuna mmoja dhaifu aliyesimama mahali sahihi kabisa. Rula inasema mbakize dhaifu, kata pacha mmoja. Nilifanya hivyo mara nyingi na sikufurahia matokeo. Siku hizi nawaacha pacha wote wawili, kila mmoja atainamia upande wake, na yule dhaifu namkata. Maharage mafupi yana tabia hiyo nzuri ya kutanua matawi kuelekea penye nafasi. Ndiyo maana wengine hupanda mbegu mbili kwa shimo, shimo hadi shimo sentimita 20, badala ya mmoja mmoja kila sentimita 10. Idadi kwenye mstari ni ile ile, na pacha hawagombani mradi pembeni yao pako wazi.

Kuna msimu nilivuka mpaka upande wa pili. Nilikuwa nimeshaonja uzuri wa nafasi nikataka zaidi, nikaacha sentimita 30 kila upande. Kila shina lilikuwa la kupendeza peke yake, lakini jua lilipiga udongo ukapasuka, magugu yakapata kiwanja, nikapalilia mara nne pale ambapo mara mbili zilizoea kutosha. Siku ya upepo mashina yenye maganda yakalala kwa kukosa wa kuegemea. Nilipokwenda kuhesabu maganda, kila shina lilikuwa limezaa zaidi kuliko kawaida na tuta zima lilikuwa limezaa kidogo. Alama yangu sasa ni hii: maua ya kwanza yanapofunguka, majani ya mstari mmoja yawe yanagusana na ya mstari wa pili, na ukichuchumaa bado uone udongo chini. Yakigusana mapema sana, umebana. Yasipogusana kabisa, umetupa ardhi.

Nitakuwa mkweli kuhusu mavuno, maana watu huahidiana makubwa. Mwaka mmoja niligawa tuta: nusu nikapunguzia, nusu nikaiacha ilivyoota. Nilitegemea nusu ya kwanza iishinde nyingine mara mbili. Haikuwa hivyo. Mavuno ya mwanzo yalikaribiana sana, tena upande uliobanana ulitangulia kidogo. Tofauti ilikuja baadaye. Upande wa msongamano sikuweza kuona maganda, ambayo huyachuma yakiwa mabichi, mengine yakanipita, yakakomaa yakawa na nyuzi na mbegu zilizovimba. Shina likishaanza kukomaza mbegu hupunguza kutoa maua, kwa hiyo kila ganda nililolikosa lilikuwa linalifungia shina duka. Yaliyogusa udongo yalioza nchani. Upande wa nafasi niliendelea kuchuma kama wiki mbili zaidi, maganda yamenyooka, safi, na nilichuma nikiwa nimesimama vizuri badala ya kupekua kama anayetafuta sindano. Kama ungekuwa unavuna mara moja na kuondoka, pengine usingeona sababu ya kuhangaika na mkasi. Bustani ya nyumbani huchumwa kila baada ya siku mbili tatu, na hapo ndipo nafasi inapolipa.

Yote haya nayasema juu ya maharage mafupi. Yanayotambaa ni habari nyingine, na niliyachanganya msimu mmoja kwa kupanda mbegu nilizopewa bila kuuliza aina. Yalipofika magotini yakaanza kurusha mikono hewani, yakashikana yenyewe kwa yenyewe kwa kukosa fito, na ndani ya siku kumi nilikuwa na fundo moja la mita tatu. Hayo yanataka mti wa kupandia, urefu wa mita 2 au zaidi. Kwenye uzio au kamba nayaachia sentimita 15 hadi 20. Kwenye fito moja iliyosimama peke yake nazungushia mbegu nne au tano na kubakiza miche mitatu. Mistari yake iachane kama mita moja, vinginevyo ukuta mmoja wa majani unaufunika wa pili. Na ukiusaidia mche kushika fito, uzungushe kinyume na mshale wa saa ukitazama kutoka juu, maana ndivyo yenyewe yanavyopanda. Mimi niliizungusha kwa nilivyoona inapendeza. Kesho yake ilikuwa imejifungua, inaning'inia.

Nilichobadilisha zaidi mwishowe ni kupanda. Kupunguzia miche mia moja ni adhabu uliyojipangia mwenyewe siku ya kupanda. Sasa kabla ya msimu nachukua mbegu 10, nazikunja kwenye kitambaa chenye unyevu, naziweka mahali penye joto, na baada ya wiki nafungua nihesabu. Zikichipua tisa au zote, napanda moja moja kila sentimita 10, na mwisho wa mstari naongeza chache karibu karibu kama akiba. Zikichipua sita, basi mbili kwa kila mahali, na najua kabisa mkasi utafanya kazi. Kina ni vidole viwili, sentimita 3 hadi 5, udongo ukiwa mwepesi naenda chini kidogo. Kipimo nimekichonga mwenyewe: ufito wenye alama kila sentimita 10, nchani nimefunga kitambaa chekundu ili nisiupoteze kwenye majani, na bado naupoteza.

Juzi jioni nilipunguzia tuta la msimu huu. Majani yalikuwa makavu, jua limeshapoa, miche iko jani la kwanza. Nilikata kumi na saba, kila mmoja ukitoa mlio mdogo wa mkasi, nikailaza kati ya mistari iwe matandazo. Kwenye kona ya mwisho, pale ninapowekaga akiba, nilikuta minne imebanana kwenye nafasi ya kiganja, yote minene, majani bila doa. Nikaacha miwili. Nikasimama, nikaenda kufungua bomba, nikarudi, nikakata mmoja zaidi. Jana nilipopita nikakuta huo uliobaki peke yake umeshaanza kuegemea upande wa wazi.